Baba alisamehewa mbele ya kigango kizima kabla hajaulizwa, harusi ya dada ikakwama

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu hivyo hivyo.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kama Wakristo wanagombana kweli au huwa wanajifanya wapole. Nilitaka nimjibu palepale kwa mstari mmoja, nikaona hautatosha. Nimeamua kufungua uzi wangu mwenyewe. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, nyumbani kwetu. Majina nimeyabadilisha, maana wengine bado wapo na wana wajukuu wenye simu.

Jibu fupi: tunagombana. Ila tunapiga magoti kwanza.

Jibu refu ndilo hili.

Sisi ni Wamakonde wa kule juu uwandani. Wazazi wangu waliteremka kuja Mitole, Kilwa, kutafuta ardhi, wakiwa pamoja na Mjomba Linusi na mkewe. Mjomba Linusi na mama hawakuzaliwa tumbo moja, ni wa ukoo mmoja tu, na kwetu hiyo inatosha kabisa. Ndugu wengine wa mama walibaki kule juu. Kwa hiyo huku chini mjomba wetu alikuwa huyo mmoja.

Hapo pashikeni, kwa sababu kwetu mtoto wa kike haolewi bila mjomba. Baba anaweza kuwepo au asiwepo. Mjomba lazima.

Mitole karibu wote ni Waislamu. Wakatoliki tulikuwa familia chache, tunasali kwenye kigango cha udongo kilichoezekwa bati. Padre alikuja mara mojamoja, barabara ikikubali. Jumapili nyingine zote ibada iliongozwa na Katekista Damiani, mtu mpole hadi unamwonea huruma.

Hii ni ile miaka ya soko huria kuingia. Korosho zilikuwa zimetupwa muda mrefu, mashamba yamegeuka pori, ndipo wanunuzi binafsi wakaanza kufika na malori yao. Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba ana mikorosho. Watu ambao hawakujua hata mpaka wa shamba lao ulipo wakawa wanautembelea kila asubuhi.

Shamba la baba na la mjomba yalipakana. Pale mpakani mjomba alikuwa na mstari wa mikorosho aliyoipanda na mkewe mwaka ule waliofika. Mkewe alishafariki, na mjomba hakuoa tena. Mikorosho ile alikuwa akiipalilia kwa mkono, hataki jembe liguse mizizi. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka.

Sasa Jumamosi moja ya kiangazi, korosho zimeanza kudondoka, mstari ule ukaungua wote.

Mjomba siku hiyo alikuwa amekwenda Somanga kununua samaki. Aliporudi akakuta majivu. Moto ulikuwa umetokea upande wa shamba letu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini msimu ule moto ulitoka kila mahali. Warina asali wanachoma, wawindaji wa ndezi wanachoma, mpita njia anatupa kipande cha sigara. Huwezi kumnyooshea mtu kidole hivihivi.

Kwa kawaida ya kijiji, ukiunguliwa unakwenda kwa jirani yako, mnapigiana kelele, mnafika kwa mwenyekiti, mwenye kosa anaambiwa ana kosa, mnarudi nyumbani mmechoka. Mambo yamekwisha.

Mjomba hakufanya hivyo. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyetufundisha sisi watoto wa kipaimara, akaona ugomvi haumfai. Akakaanga samaki wake, akala, akalala.

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Kwa wasio Wakatoliki, kwenye ibada kuna sehemu inaitwa sala ya waamini. Mtu anasimama, anataja nia yake, labda mgonjwa, labda mvua, labda msafiri, na wote wanaitikia, "Twakuomba utusikie." Makanisa makubwa nia zinaandaliwa. Kwenye vigango vidogo kama chetu, mwenye nia anasimama tu.

Mjomba akasimama. "Namwombea shemeji yangu Kasiani, aliyeiunguza mikorosho yangu. Mimi nimemsamehe. Mungu naye amsamehe. Ee Bwana."

Kigango kizima kikaitikia, "Twakuomba utusikie."

Kasiani ni baba yangu. Na baba naye aliitikia.

Alikuwa amefumba macho, kaitikia kwa mazoea, na sauti yake ile nzito ndiyo iliyosikika kuliko zote. Alipofumbua macho, watu wote walikuwa wanamtazama.

Tukarudi nyumbani, baba ametangulia. Mama akamwekea ugali. Akautazama.

"Mke wangu, nimesamehewa."

"Nimesikia," mama akasema.

"Mbele za watu."

"Nilikuwepo."

Baba hakula siku hiyo.

Mnaweza kudhani alikwenda kwa mjomba wakayazungumza. Hapana. Baba naye alikuwa Mkristo. Alisubiri Jumapili.

Jumapili iliyofuata akasimama, akatoa nia yake. "Nawaombea wote wanaowahukumu wenzao bila kuwauliza. Ee Bwana." Tukaitikia. Mjomba akaitikia vizuri tu, uso mkavu. Kisha akasimama yeye. "Nawaombea wenye mioyo migumu, wanaopewa msamaha wakaukataa. Ee Bwana." Tukaitikia tena. Mngetaka tufanyeje? Ukishasikia "Ee Bwana" mdomo unajibu wenyewe.

Ikawa ndiyo mtindo. Jumapili baada ya Jumapili wazee wawili wanapigana kwa kupitia mbinguni, na sisi tunagonga mihuri.

Katekista Damiani alijaribu. Alianzisha wimbo mapema, wakasubiri uishe. Alisema leo nia ziwe fupi, zikawa fupi na kali zaidi. Kwenye kutakiana amani, ambapo kila mtu humpa mkono jirani yake, hawa walipeana ncha za vidole. Nje ya kanisa wakikutana, mmoja anasema "Tumsifu Yesu Kristo", mwenzake anajibu "Milele amina", na mazungumzo yao yanaishia hapo. Ukiwaona utasema watakatifu hawa.

Jambo moja lazima niliseme kwa haki: mahudhurio yalipanda. Wakatoliki wa kijiji cha Njinjo, ambao tulikuwa tunawaona Krismasi na Pasaka tu, wakaanza kuwahi viti vya mbele. Hata jirani yetu Bi Hawa, Mwislamu safi, mwenyeji wa palepale, alikuwa anaonekana nje ya dirisha la kigango akimtafuta kuku wake. Kuku yule alipotea kila Jumapili, na kila mara ilikuwa wakati wa sala ya waamini.

Bi Hawa ndiye aliyemwambia mama kisimani, "Mama Tekla, hivi nyie Mungu wenu mnamfanya mwenyekiti wa kijiji? Si mwambiane wenyewe?"

Mama akasema, "Wamesameheana, bibi."

"Mmoja kasamehe," Bi Hawa akasema. "Huyo mwingine anaumwa."

Hayo yote yangeendelea kuwa kichekesho, kama si dada yangu.

Tekla alikuwa amechumbiwa na kijana wa Somanga anaitwa Fabiani, Mkatoliki, muuza mitumba pale barabarani mabasi yanaposimama. Walipendana, na hilo halikuhitaji kuambiwa, ulikuwa unaliona. Padre alishasema atafika kufungisha ndoa kabla masika hayajakata barabara. Baada ya hapo ni miezi mingi, na safari ya padre haikuwa kitu cha kuagiza kama soda.

Kilichobaki ni wazee wa Somanga kuja kukaa na wazee wetu. Na kikao hicho hakikaliwi bila mjomba.

Baba akamtuma Katekista Damiani kwa mjomba. Mjomba akajibu, "Nitakuja. Mimi sina kinyongo na mtu, nilishasamehe."

Katekista akarudisha jibu. Baba akasema, "Mwambie asije kama aliyesamehe. Aje kama mjomba."

Katekista akapanda baiskeli yake. Mjomba akasema, "Msamaha wangu siwezi kuuacha nyumbani. Natembea nao."

Baba akasema, "Basi abaki nao."

Wazee wa Somanga wakafika siku ya kikao, wakakaa kwenye mkeka, wakatazama huku na huku. Mmoja akauliza mjomba yuko wapi. Baba akasema mjomba yupo, mzima wa afya, na ni mtu wa msamaha sana. Wageni hawakuelewa. Wakanywa chai, wakasema kwa adabu kwamba bila mjomba wao hawana wa kuzungumza naye, wakaondoka. Baada ya siku chache tukasikia kuna binti wa Kilwa Masoko ambaye jina lake limeanza kutajwa nyumbani kwa kina Fabiani.

Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe alikuwa dada yangu. Alilia jikoni akisema ni moshi. Niliwachukia wazee wale wote wawili, naomba nieleweke hivyo. Nilikuwa binti mkubwa tayari, nimemaliza darasa la saba, na nilikuwa najua kabisa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefanya dhambi ya kutajika. Hakuna aliyetukana wala kuinua mkono. Ukiwapeleka kwa padre kuungama watakosa la kusema. Na dada anakosa mume.

Siku moja mchana Tekla akafunga kanga, akaniambia, "Twende kwa mjomba."

Tulimkuta amekaa kizingitini ananoa panga la kufyekea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

Tekla hakukaa. "Mjomba, nina swali moja. Mikorosho ilipoungua, ulimuuliza baba?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama ni yeye."

"Moto ulitoka kwake."

"Sikuuliza moto ulitoka wapi, mjomba. Ulimuuliza?"

Mjomba akaacha kunoa. Akafikiri. Na jibu alilotoa, wakuu, nimelisikia tena mara nyingi maishani kwa watu wa kanisani, ila hakuna aliyelisema kwa unyofu kama yeye.

"Mwanangu, ningemuuliza, angekataa. Angekataa, ningekasirika. Ningekasirika, ningetenda dhambi. Nikaona bora nisamehe moja kwa moja."

Yaani alichukua njia ya mkato.

Tekla akasema, "Kwenye kipaimara nani alitufundisha kwamba mtu akikukosea umwendee mkiwa wawili kwanza, kabla hujayapeleka kanisani?"

Mjomba akalitazama panga lake.

"Ni wewe, mjomba. Ulituuliza na kwenye mtihani."

Mjomba akainuka. Kisha akaliegemeza panga ukutani, akavaa shati, akatangulia. Sisi tukamfuata nyuma. Hakugeuka hata mara moja.

Baba alikuwa uani anasuka kamba za kitanda. Mama alikuwa anapepeta mchele. Mjomba akasimama mbele ya baba.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Nina swali."

"Uliza."

"Ule moto ulikuwa wako?"

Ninyi mnaosoma labda mmeshajua. Mimi sikujua. Nilikuwa nimeishi wiki zote zile nikiamini baba yangu amesingiziwa. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba hakuwahi kusema hakuchoma, hata siku moja. Alichokuwa akilalamika ni kwamba hakuulizwa.

Baba akaziweka kamba chini.

"Ulikuwa wangu."

Mama akaacha kupepeta.

"Nilikuwa nachoma kijishamba cha mahindi," baba akasema. "Ilinipasa nikuambie uje tuulinde moto pamoja. Wewe ulikuwa Somanga, nikaona ni kitu kidogo. Nikauacha umezimika, nikaja kula. Upepo wa mchana ukaamsha makaa. Nilipofika mikorosho yako inawaka. Niliipiga kwa matawi mpaka mikono ikababuka, haikusaidia."

Mjomba akaitazama mikono ya baba.

"Nilitaka kuja kwako jioni ile ile. Nikashindwa kukutazama. Nikasema kesho, tukitoka ibadani, nitamshika mkono nimwambie. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote. Nimeingia kanisani nayo mdomoni." Hapo sauti ya baba ikabadilika. "Ukanisamehe kabla sijayasema. Baada ya pale ningesema nini? Nilitaka kukuomba mwenyewe, shemeji. Hukuniachia hata hilo."

Nilitegemea mjomba atamkumbatia. Ndivyo inavyokuwa kwenye mahubiri.

Mjomba akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, polepole, "Kumbe ni wewe kweli."

"Ulikuwa unajua," baba akasema.

"Nilikuwa nasema. Lakini kila nikilala nilikuwa naomba iwe warina asali."

Kisha mjomba akakasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika, na nadhani hata mama hakuwahi. Alimwambia baba kwamba ni mzembe, ni mjinga, kwamba hata mtoto anajua moto hauachwi. Akamwambia mikorosho ile aliipanda na marehemu, yeye akichimba na marehemu akimwagia maji aliyobeba kichwani, na sasa hakuna kitu kwenye shamba lile ambacho mkono wa marehemu ulikigusa. Alilia huku anatukana. Yalikuwa matusi madogo ya mtu asiye na mazoezi, lakini yalikuwa matusi.

Baba alisikiliza yote. Hakujitetea. Mjomba aliponyamaza, baba akasema, "Nisamehe, shemeji."

Mjomba akajifuta uso na mkono wa shati. "Subiri," akasema.

"Nitasubiri."

Akainuka. Alipofika kwa Tekla akasimama. "Waite watu wa Somanga. Nitakuja kama mjomba."

Akaondoka.

Jumapili ile kigango kilijaa. Ilipofika sala ya waamini, mjomba akasimama, na Katekista Damiani nikamwona anafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Namwombea shemeji yangu, na mimi mwenyewe najiombea," mjomba akasema. "Kosa amelikiri. Mimi bado sijamsamehe. Naomba nguvu. Ee Bwana."

Tulisita kuitikia, maana nia ya namna hiyo hatukuwa tumeizoea. Kisha baba akaitikia, peke yake, kabla ya wengine wote. Safari hii macho alikuwa ameyafumbua.

Watu wa Njinjo hawakurudi tena mpaka Pasaka.

Kikao kilikaliwa. Padre alifika, ndoa ikafungwa, na mjomba akasimama mbele ya wageni kumtoa Tekla. Alisema, "Mtoto ni wetu na ninamtoa kwa moyo mweupe. Na baba yake nimemkasirikia, mjue hivyo, msije mkaniona sicheki naye mkadhani nawakasirikia ninyi." Wazee wa Somanga wakatazamana. Baba akasema, "Ni haki yake." Kisha wakala sinia moja, hawasemeshani, na nilimwona mjomba akiusukuma mnofu mkubwa upande wa baba bila kumtazama.

Tekla akaenda Somanga. Masika yakaja, yakapita. Baba hakumkumbusha mjomba hata siku moja. Walisalimiana, walisaidiana palizi, mjomba aliponyamaza baba alimwacha. Sikujua kama baba yangu ana subira kiasi kile.

Msimu wa korosho uliofuata, asubuhi, tulikuwa tunaokota mimi, baba na mama. Mjomba akaja amebeba kikapu chake, kama mtu anayepita tu kwenda kwake. Akasimama karibu na baba.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Tayari."

"Asante," baba akasema.

Mjomba akaendelea na safari yake. Baba akaokota korosho mbili tatu zaidi, kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa kofia. Mama akanishika mkono, tukaenda kuokota upande mwingine.

Nilichojifunza, wakuu. Imani haikuwa na kosa pale, ilishatuambia cha kufanya, na mwalimu wake alikuwa mjomba mwenyewe. Tulichokosea ni kudhani kwamba mtu mwema ni yule asiyekasirika, kwa hiyo tukaruka kuuliza, tukaruka kukasirika, tukatua kwenye msamaha ambao haukuwa umeiva. Mimi nimeolewa miaka mingi sasa na bado naikumbuka ile "subiri". Mume wangu akinikosea nikamwambia "nimekusamehe" haraka haraka, ananiuliza, "Una uhakika, au nisubiri?" Mara nyingi namwambia asubiri.

Karibuni mchangie. Wakatoliki, walokole, Waislamu na msiosali popote, kama uliwahi kusamehewa bila kuulizwa tuambie ulijisikiaje. Na atakayekuja kuanzisha ligi ya dini kwenye uzi wangu, nitamuuliza kwanza ana shida gani. Kumsamehe kutafuata baadaye, nikishamaliza kukasirika.